Mkonge Uliposhuka Bei, Rumba Ilipanda Treni

Ukiwauliza wapenzi wa zilipendwa kwa nini bendi kubwa ya Morogoro ilijiita Cuban Marimba, wengi watakujibu haraka kwamba vijana wa zamani walipenda mambo ya nje. Jibu hilo ni jepesi mno. Vijana hao walipokuwa wakikua hapakuwa na redio ya Kiswahili wala mtalii wa Kikuba aliyeshuka stesheni ya Morogoro na gita begani. Mtu hapendi asichokisikia. Swali la kuuliza ni nani aliyeamua wasikie Kuba, na kwa nini wakati ule hasa. Msimamo wa safu hii ni kwamba uamuzi huo ulifanyika London, kwenye vitabu vya hesabu vya kampuni ya santuri, kati ya mwaka 1931 na 1933. Kilichousukuma ni Mdororo Mkuu wa uchumi, uleule ulioporomosha bei ya mkonge wa Kilosa.

Tuanzie kabla ya anguko. Mwezi Machi 1928 kundi la waimbaji na wapigaji wa Unguja lilipanda meli kwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa ajili ya Gramophone Company, kampuni ya Kiingereza yenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Aliyeongoza sauti alikuwa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, binti wa mfinyanzi. Pamoja naye walikuwemo Maalim Shaaban, Subeit bin Ambar, Budda bin Mwendo na Mbaruku. Kabla ya safari hiyo, mnunuzi wa santuri katika pwani yetu aliuziwa zaidi nyimbo za Kihindi na za Kimisri. Sasa akapata lugha yake mwenyewe, na ndani yake habari za mji wake: mahakama, wizi, mapenzi, aibu za wakubwa. Wimbo uitwao Kijiti ulisimulia mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam na jinsi muuaji alivyotorokea bara huku mashahidi wakibaki kuhukumiwa. Santuri hizo ziliuzwa kwa makumi ya maelfu ndani ya miaka michache. Kampuni nyingine, Odeon, Columbia na Pathé, zikanusa faida nazo zikakimbilia soko la Afrika Mashariki.

Santuri hizo hazikuishia forodhani. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilizipandisha bara pamoja na vitambaa, chumvi, taa na mafuta ya taa. Kilosa na jirani yake Kimamba zilikuwa vituo vya kuteremshia mizigo ya namna hiyo. Hapo palikuwa na mashamba ya mkonge na pamba, mengi ya Wagiriki na Wazungu wengine, maduka ya Wahindi karibu na stesheni, makarani, mafundi wa reli, na makambi ya manamba kutoka kila upande wa Tanganyika na hata Msumbiji. Watu wa namna hiyo, waliotoka makabila mengi na kuelewana kwa Kiswahili, ndio hasa soko ambalo santuri ya Kiswahili ilikuwa ikilitafuta. Na wala Siti mwenyewe hakuwa mgeni kwao kwa asili: inasimuliwa kwamba baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Treni ya kwenda Tabora, kwa Wanyamwezi, ilikuwa lazima ipite Kilosa.

Kisha bei ikaanguka.

Kati ya mwaka 1929 na 1932 bei ya mkonge katika soko la dunia ilishuka kwa zaidi ya nusu. Wengi hudhani mashamba yalifungwa na kazi ikasimama. Mambo hayakwenda hivyo. Wenye mashamba walikuwa na mikopo ya kulipa na mitambo ya kusaga majani iliyokwisha kununuliwa, kwa hiyo walikata katani nyingi zaidi ili kufidia bei ndogo, na tani zilizosafirishwa kutoka Tanganyika ziliongezeka. Kilichobanwa ni mshahara. Kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, kiliendelea kujazwa mstari kwa mstari, ila fedha ya mwisho wa kipande ilipungua na kodi ya kibanda ikabaki palepale. Serikali ya Gavana Stewart Symes ikahimiza wananchi walime zaidi mazao ya biashara, pamba ikiwemo, ili kodi ipatikane. Manamba wa Kimamba mwaka 1932 alikuwa anafanya kazi ileile, pengine nzito zaidi, kwa fedha iliyotosha kodi na kanga moja ya mkewe. Santuri ilikuwa nje ya hesabu yake.

Hapa ndipo maelezo ya kawaida yanapoishia: watu walikuwa maskini, hawakununua, kampuni zikaacha kurekodi. Ni kweli nusu. Nusu ya pili imo katika namna biashara ya santuri inavyofanya kazi, na bila kuielewa hatuwezi kueleza kwa nini santuri ziliendelea kuja Afrika Mashariki miaka hiyohiyo ambayo waimbaji wetu waliachwa nyumbani.

Gharama za santuri ni za aina mbili. Ya kwanza hulipwa mara moja tu: nauli ya meli ya kundi zima kwenda Bombay, chakula na malazi, malipo ya waimbaji, mshahara wa fundi mitambo, nta ya kurekodia, na kutengeneza bamba mama la metali ambalo santuri zote huchapwa kutokana nalo. Ya pili hulipwa kwa kila nakala: malighafi ya sahani, karatasi ya lebo, bahasha, usafiri na kamisheni ya mwenye duka. Gharama ile ya kwanza haijali umeuza nakala ngapi. Ukiuza 3,000, kila nakala inabeba kipande kidogo cha nauli ya Bombay. Ukiuza 300, kila moja inabeba kipande kizito, na wimbo unaingia hasara hata kama walioununua waliupenda kupita kiasi. Kwa hiyo soko halihitaji kufa ili urekodi ufe. Likipungua kwa kiasi fulani tu, rekodi mpya inakuwa kitu cha kwanza kukatwa, wakati kuchapa nakala za rekodi ya zamani kunaendelea kulipa.

Mwezi Machi 1931 Gramophone Company na mshindani wake Columbia ziliunganishwa kuwa kampuni moja, EMI. Waliokuwa wakigombania waimbaji wa Kiswahili wakawa tajiri mmoja. Ushindani uliowafanya wapeleke mafundi na kulipa nauli ukapoa, na maghala mawili ya mabamba mama, yenye muziki wa karibu dunia nzima, yakawa chini ya paa moja. Kwa mhasibu wa mwaka 1931, ghala hilo lilikuwa mali iliyokwisha kulipiwa. Kuanzia hapo, na kwa sehemu kubwa ya muongo ule hadi baada ya Vita Kuu ya Pili, urekodi mpya wa muziki wa Kiswahili ulikaribia kukoma.

Ulinganisho na Marekani unasaidia hapa, kwa sababu huko nako anguko lilikuwa la kutisha. Santuri zilizouzwa Marekani zilishuka kutoka takriban milioni 104 mwaka 1927 hadi milioni 6 mwaka 1932. Muziki wa wakulima na wafanyakazi wa reli wa majimbo ya kusini, ambao leo dunia inauita kantri, ulikuwa umezidi kuuza vizuri tangu mtayarishaji wa santuri Ralph Peer aliporekodi familia ya Carter na Jimmie Rodgers mjini Bristol, Tennessee, mwaka 1927. Rodgers alikuwa ameshika breki za treni kabla ya kushika gita. Alifariki kwa kifua kikuu Mei 1933, siku chache baada ya kurekodi mara ya mwisho New York. Kwa hesabu ile ya gharama tuliyoieleza, kantri ilipaswa kufa pamoja naye. Haikufa, kwa sababu kampuni zilishusha bei. Bluebird ya RCA Victor, na baadaye Decca kuanzia 1934, ziliuza santuri kwa senti 35 badala ya senti 75 za awali, zikarekodi haraka na kwa gharama ndogo, na zikapata mteja mpya asiyechoka, yaani mashine za kupigia muziki zilizowekwa kwenye baa. Redio nazo, zilizolaumiwa kwa kuua santuri, ziliwatangaza waimbaji haohao kila Jumamosi usiku.

Afrika Mashariki haikupata hata moja ya nguzo hizo. Stesheni ya redio iliyoanza Nairobi mwaka 1928 ilikuwa ya walowezi na lugha yao. Sauti ya Dar es Salaam haikusikika hadi mwaka 1951. Hapakuwa na baa zenye mashine, na hapakuwa na kiwanda cha kuchapia santuri karibu. Hakuna aliyeanzisha lebo ya bei nafuu ya Kiswahili kwa ajili ya mkata mkonge. Mtu anaweza kusema soko lilikuwa dogo mno kwa mpango huo, na huenda ni kweli. Lakini soko hilohilo lilionekana kubwa vya kutosha kuletewa kitu kingine.

Mwaka 1933 EMI ilianzisha mfululizo wa santuri zenye herufi GV, uliolengwa kwa wanunuzi wa Afrika. Santuri ya kwanza ilibeba El Manisero, wimbo wa muuza karanga, uliorekodiwa New York mwaka 1930 na okestra ya Don Azpiazu wa Havana, Antonio Machín akiimba. Wimbo huo ulikuwa umeshauzwa sana Marekani na Ulaya, nauli zake zilikwisha kulipwa na bamba mama lilikuwa ghalani. Kuuleta Afrika kuligharimu kuchapa nakala, lebo na meli ya mizigo tu. Nyuma yake zikafuata nyingine za Kikuba kwa zaidi ya miaka 20, zikiitwa rumba hata pale ambapo Mkuba mwenyewe angeziita kwa jina lingine. Sauti za marimbula, maraka, tarumbeta na gita zilipatana mara moja na masikio yaliyozoea ngoma, na hilo si ajabu, kwa kuwa mizizi ya muziki ule ilivuka bahari pamoja na watumwa kutoka Afrika. Hata hivyo kuelewana kwa masikio kulikuja baadaye. Kilichotangulia ni urahisi wa bei.

Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa Morogoro mwaka 1928, mwaka uleule Siti alipokwenda Bombay, alikua akisikia Havana. Mtoto huyo ni Salum Abdallah. Inasimuliwa kwamba katika ujana wake alitoroka hadi Mombasa akitafuta meli ya kumfikisha Kuba, vita vikamzuia. Mwaka 1948 alianzisha La Paloma, bendi iliyochukua jina la wimbo wa Kihispania, na baadaye ikawa Cuban Marimba. Alipopata nafasi ya kurekodi, santuri zake zilitolewa na lebo ya Mzuri ya Assanand wa Mombasa. Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki, kwa gharama ndogo, akafanya kazi ambayo London ilikuwa imeiona haina faida. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari akiwa bado kijana.

Kuna dhana tatu zinazohitaji kujibiwa.

Ya kwanza ni kwamba dansi la Tanzania ni mtoto wa rumba ya Kongo. Dhana hii imekaa vichwani kwa sababu ya miaka ya 1960 na 1970, wakati wanamuziki wa Kongo walipojaa Dar es Salaam. Tazama tarehe. Ngoma, lebo ya Leopoldville iliyoanzishwa na Mgiriki Nicolas Jeronimidis, ilianza mwaka 1948, mwaka uleule wa La Paloma. Morogoro Jazz, bendi ambayo baadaye ingemtoa mpiga gita Mbaraka Mwinshehe, ilikuwepo tangu mwaka 1944. Leopoldville na Morogoro walikunywa kisima kimoja cha GV, kila mmoja kwa kata yake. Wakongo walipata lebo za santuri za nyumbani mapema zaidi, ndiyo sababu sauti yao ilisafiri mbali zaidi.

Ya pili inasema gramafoni ilikuwa kitu cha mwambao na cha matajiri, kwa hiyo watu wa Kilosa hawakuguswa na habari hizi. Wanaosema hivyo wanahesabu wamiliki na kuwasahau wasikilizaji. Gramafoni ya kukoroga kwa mkono haikuhitaji umeme. Moja tu kwenye baraza ya duka au kwenye hoteli ya chai iliwatosha watu wa mtaa mzima, na karani aliyehamishwa kutoka Tanga alifika na yake. Santuri moja iliyochezwa mpaka mitaro yake ikalika ilikuwa imesikilizwa na watu mara nyingi kuliko takwimu za mauzo zinavyoweza kuonyesha. Kampuni za wakati ule ziliiona biashara kwa macho ya risiti, na wanahistoria wengi wamezifuata kwa miguu hiyohiyo.

Dhana ya tatu ni laini zaidi, na safu hii inaiogopa zaidi: kwamba muziki wa kigeni ulioletwa kibiashara ulipotosha kitu safi kilichokuwepo. Hapana. Miji ya reli ilikuwa imeshachanganya kabla ya GV kuzaliwa. Ngoma ya beni, yenye tarumbeta, sare na vyeo vya kijeshi, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ilienea bara wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Waliocheza beni walikwisha jua namna ya kuchukua kitu cha Mzungu na kukigeuza chao. Kisa kizuri zaidi kinatoka Kenya. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha, kiumbe wa ajabu nusu mtu nusu mnyama. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mshika breki wa treni wa Mississippi, aliyefika Bonde la Ufa kwa santuri na kuzaliwa upya. Wasichana wale hawakupotoshwa na mtu. Walifanya walichotaka na kilichowafikia. Hasara ya miaka ya 1930 haikuwa kuingia kwa Kuba. Hasara ilikuwa kwamba, wakati Kuba inaingia, hakuna aliyekuwa akirekodi kilichokuwa kikitokea hapa.

Ukubwa wa pengo hilo unaonekana vizuri ukitoka stesheni ya Kilosa kuelekea kusini. Mikumi ya leo ina hifadhi ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya Iringa yenye malori usiku kucha. Ina pia tawi la reli linalotoka Kilosa kwenda Kidatu, lililokamilika miaka ya 1960. Wakati wa Mdororo Mkuu reli hiyo haikuwepo. Kwa hiyo ndani ya wilaya moja kulikuwa na masikio ya aina mbili: ya Kimamba na Kilosa mjini, yaliyoshiba santuri, na ya Wavidunda na Wasagara wa upande wa Mikumi, ambao muziki wa kigeni uliwafikia baadaye zaidi, wengi kupitia redio ya betri. Mtafiti akitaka kujua GV ilibadilisha nini hasa, hahitaji kwenda Havana. Alinganishe nyimbo za kazi na za jando zilizobaki katika pande hizo mbili. Waliozisikia zikiimbwa na wazazi wao bado wapo, ila ni wazee sana. Safari za Tracey za mwaka 1950 zilitupatia hazina ya Wagogo, majirani wa Kilosa upande wa magharibi. Milima ya Ukaguru na Usagara nayo ilistahili jicho kama lile, na bado inastahili.

Basi kifanyike nini? La kwanza ni kurudisha sauti za kabla ya 1931. Mabamba na nakala nyingi zimo Uingereza, katika hifadhi ya EMI na Maktaba ya Uingereza, na sehemu yake imeshatolewa upya: mkusanyo wa mwaka 2007 uitwao Poetry and Languid Charm ulionyesha kwamba santuri zile zikisafishwa zinasikika vizuri kabisa. Ila mkusanyo wa namna hiyo huuzwa kwa mashabiki wa Ulaya. Wizara inayohusika na utamaduni, TBC na vyuo vikuu vyetu wangeweza kuomba nakala za kidijitali za rekodi zote za Kiswahili za 1928 hadi 1931 na kuziweka mahali ambapo mwanafunzi wa Kilosa anaweza kuzisikiliza kwa simu bila kulipa. Hoja ya haki miliki haina nguvu hapa. Sheria ya Haki Miliki na Haki Shiriki ya mwaka 1999 huwapa watayarishaji wa rekodi ulinzi wa miaka 50, na rekodi hizi zinakaribia miaka 100.

La pili ni la majumbani. Katika nyumba za zamani karibu na stesheni, katika familia za makarani wa reli na wenye maduka, bado huenda zikapatikana sahani nzito nyeusi zilizofungwa kwa gazeti. Watu huzitupa wakidhani hazina kazi kwa kuwa hakuna kifaa cha kuzichezea. Afisa utamaduni wa wilaya akitangaza misikitini, makanisani na kwenye mnada kwamba zinahitajika kwa kunakiliwa na kurudishwa, atapata zaidi ya anavyotarajia. Sharti moja: mwenye santuri arudishiwe sahani yake na apewe nakala. Ukusanyaji wa kuchukua na kuondoka ndio uliowafanya wazee wengi wafunge masanduku yao.

La tatu linahusu wafanyabiashara, na hapa safu inaomba ruhusa ya kuchokoza. Hoteli za Mikumi huwapigia wageni wimbo uleule wa kuwakaribisha kwa Jambo, uliotungwa na Wakenya wa Them Mushrooms miaka ya 1980, kana kwamba mkoa uliowatoa Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe hauna wa kwake. Orodha ya saa moja yenye Cuban Marimba na Morogoro Jazz, pamoja na kundi la ngoma la Wavidunda linalolipwa kwa mkataba badala ya bahashishi, ingegharimu kidogo kuliko maua ya mezani. Treni ya SGR sasa inapita Kilosa kwenye mahandaki ya milima ileile ambayo reli ya Mjerumani iliizunguka, na abiria wana vipaza sauti juu ya vichwa vyao. Shirika la Reli lingeweza kuanza na santuri moja ya Siti kati ya Morogoro na Dodoma, bila kusubiri kamati.